Muulize Mtazamaji Anamchukia Nani

Mazungumzo mbele ya waandishi na waigizaji chipukizi, Kisumu. Nimeyaandika kutoka kwenye vikaratasi vyangu, nikayapunguza pale niliposahau saa.

Mwenyekiti, wazee mliofika, walimu wenzangu wa drama, na ninyi vijana mliotoka Kakamega, Busia, Siaya na hapa hapa Kondele: oimore, mulembe, hamjambo.

Nitaanza na mwanamke anayeuliza maswali. Anaitwa Skyler White. Ni mke wa mwalimu wa kemia katika tamthilia ya Kimarekani Breaking Bad, iliyoonyeshwa kuanzia 2008 hadi 2013, na ambayo wengi wenu mliiona kwa flashi ya kuazimana. Mumewe, Walter, anapika dawa za kulevya. Anaua kwa mkono wake, anaagiza wengine wauawe, anamvuta kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na kumharibia maisha. Skyler anauliza tu. Umetoka wapi saa hizi? Hii simu ya pili ni ya nani? Pesa hizi zimetoka wapi? Ni kweli kwamba baadaye naye anaingia, anazisafisha pesa zile kupitia biashara ya kuosha magari. Lakini watazamaji walianza kumchukia mapema, kabla hajagusa hata senti.

Na haikuwa chuki ya mzaha. Agosti 2013 Anna Gunn, mwigizaji aliyecheza nafasi hiyo, aliandika makala katika gazeti la New York Times. Alieleza jinsi watu walivyofungua kurasa nzima mtandaoni za kumchukia Skyler, na jinsi chuki hiyo ilivyomhama mhusika ikamfikia yeye mwenyewe, mpaka mtu mmoja akauliza hadharani atampata wapi Anna Gunn ili amuue. Muuaji wa tamthilia alikuwa akipigiwa makofi. Aliyeuliza pesa zimetoka wapi akatakiwa afe, na si katika hadithi.

Mada niliyopewa ni kwa nini watazamaji humshangilia mhusika mkuu aliyeoza. Nitaijibu, ila naona swali la nani tunamshangilia limezoeleka na halitufundishi mengi tena. Ninalotaka tuliulize leo ni hili: tunapomshangilia, tunamchukia nani? Nani anatuudhi kwa sababu tu amesimama njiani mwa tunayempenda? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha hadithi imetufanya nini.

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua kanuni ya kwanza: steringi, yaani mhusika mkuu wa filamu, hafi. Ukiingia kibandani Manyatta au Nyalenda filamu imefika nusu, humuulizi jirani yako nani ni mwema na nani ni mbaya. Unamuuliza steringi ni yupi. Ukishaonyeshwa, mambo yamekwisha. Unakaa upande wake hata kama dakika hiyo anavunja mlango wa watu. DJ Afro, ambaye sauti yake ya kusimulia filamu imezunguka nchi hii, anaielewa kazi hiyo kuliko wahadhiri wengi: anakuweka karibu na jamaa mmoja, wengine wote wanakuwa watu wa kupigwa.

Mtaalamu wa nadharia ya filamu Murray Smith, katika kitabu chake cha 1995, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuna kuwa karibu na mhusika: unaona anachokiona, unajua anachokijua. Na kuna kuwa upande wake: umempima, ukamkubali. Hilo la kwanza kamera inaweza kukulazimisha. La pili unalitoa mwenyewe. Ustadi wa tamthilia hizi uko hapo, kukuzoesha la kwanza, kipindi baada ya kipindi, mpaka la pili unalitoa bila kuombwa.

Waliofanya tamthilia hawakuwa na hakika kwamba jambo hilo lingewezekana. The Sopranos ilianza Januari 1999 kwenye kituo cha runinga cha HBO, ikamhusu Tony, jambazi wa New Jersey mwenye mke, watoto na daktari wa akili. Katika kipindi cha tano Tony anampeleka binti yake jimbo la Maine kutazama vyuo. Huko kwa bahati anamwona mtu aliyewahi kuwa mwenzao kisha akawauza kwa serikali, naye anamviringishia waya shingoni na kumnyonga kwa mikono yake, katikati ya safari ya baba na mtoto. Wakuu wa HBO waliogopa. Walidhani kuanzia pale watazamaji watamtupa Tony. David Chase, aliyeibuni tamthilia ile, alisisitiza kinyume: asipomuua, watazamaji hawatamwamini tena, kwa sababu mtu wa kazi ile akimwona msaliti hawezi kumwacha. Chase alishinda ubishi. Tony akaua, watu wakabaki, na tamthilia ikaendelea hadi 2007, vipindi 86.

Mnaona kilichotokea. Watu hawakutaka awe mwema. Walitaka awe mkweli kwa hali yake.

Lakini Chase alikuwa ameweka akiba mapema. Katika kipindi cha kwanza kabisa kuna bata wametua kwenye bwawa la kuogelea la Tony na wakazaa vifaranga humo. Lile jitu linaingia majini na nguo zake za kulalia kuwalisha. Bata wanaporuka kwenda zao, Tony anaanguka na kuzirai, na hapo ndipo anapopelekwa kwa daktari. Tunauona udhaifu wake kabla ya maiti. Waandishi wote mlio hapa mnaijua hila hiyo, mmeshaitumia, na msijisumbue kuionea haya. Nairobi Half Life ya 2012 ilifanya vivyo hivyo kwa Mwas: kijana wa kijijini anayeota kuwa mwigizaji, anashuka Nairobi, anaporwa kila kitu siku ile ile ya kwanza. Anapoanza baadaye kufungua vipuri vya magari ya watu usiku, sisi tunahesabu kwamba Nairobi ndiyo iliyoanza.

Hila nyingine ni kuweka mbaya zaidi kando yake. Hiyo nitaipita haraka, kila mtu anaiona.

Ile ambayo watu hawaisemi vya kutosha ni ufundi. Tunapenda mtu anayejua kazi yake. Ndiyo maana fundi wa pikipiki akiwa hodari vijana husimama tu pale kumtazama. Katika La casa de papel ya Uhispania, iliyoanza 2017 na ambayo hapa tuliiita Money Heist, yule Profesa anayewaongoza wezi amefikiria kila hatua ya polisi kabla polisi wenyewe hawajaifikiria, nasi tunalewa kwa akili yake. Kuna kipindi katika msimu wa tano wa Breaking Bad ambapo Walter na wenzake wanaiba kemikali kutoka kwenye treni katikati ya jangwa. Treni imesimamishwa kwa hila. Wanafyonza kemikali kutoka tangi moja huku wakirudisha maji ili uzito usibadilike. Dereva hajui. Dakika zinakwisha. Ukiitazama ukumbini, watu wanashika viti. Mimi mwenyewe nilisimama. Hakuna aliyeumizwa, hakuna tone lililomwagika, treni inaondoka, wezi wanapiga mayowe ya furaha, sisi nao.

Kisha wanageuka, na pale kuna mtoto juu ya pikipiki. Amewaona. Anawapungia mkono. Mmoja wao anamwinulia bastola na kumpiga risasi.

Hapo ndipo mwandishi anapotuwasilishia hesabu. Dakika arobaini zote zile tulikuwa tukiomba mpango ufaulu na asiwepo wa kuuharibu. Aliyeweza kuuharibu amekuja, na ni mtoto. Kwa dakika moja tunanyamaza. Halafu wiki iliyofuata tulirudi tena kuuliza: Walter atatokaje?

Sasa nije kwa Walter na sisi, maana kuna sababu mtu wa Kakamega au Ahero anamwelewa Walter kwa haraka. Mwalimu mwenye mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Baada ya masomo anakwenda kuosha magari, na siku moja mwanafunzi wake anamkuta amepiga magoti akisugua gurudumu la gari la mwanafunzi huyo huyo. Mkewe ana mimba, mwanawe ana ulemavu. Kisha anaambiwa ana saratani ya mapafu na haiwezi kupasuliwa. Nani humu ndani hajawahi kuingizwa katika kikundi cha WhatsApp cha kuchangia matibabu? Tumeiona bima ya afya ya NHIF ikiondoka na SHA ikaingia Oktoba 2024, na kadi za mchango bado zinazunguka. Kwa hiyo mwalimu anapowasha moto, sisi wa pande hizi tunamwambia: pika, mwalimu.

Na Magharibi hii inawajua wapishi wa namna hiyo. Sheria ya 1980 ilipiga chang'aa, pombe kali ya kienyeji, marufuku kabisa. Sheria ya 2010 ikairuhusu kwa masharti ambayo mama pima wengi, wanawake wanaoipika na kuiuza, hawawezi kuyatimiza. Katika miaka yote hiyo kuna watoto waliofika chuo kikuu kwa pesa ya chang'aa, na kijiji kizima kilijua mitungi imefichwa wapi chifu akija na askari wake. Mama pima ni steringi wetu. Sitawaambia msimpende, mimi nampenda. Ila Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za nchi hii, wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Redio zilitutajia idadi. Nitajieni jina la mmoja.

(Kimya.)

Turudi kwa mwalimu, maana hapa nataka tukae. Katika kipindi cha tano cha msimu wa kwanza, Walter anakwenda kwenye sherehe ya rafiki yake wa zamani, Elliott, ambaye walianzisha kampuni pamoja na sasa ni tajiri mkubwa. Elliott anampa kazi yenye bima nzuri. Walter anapokataa, anaambiwa matibabu yote yatalipwa. Yote. Anakataa tena, na anarudi kumtafuta mwenzake wakapike.

Kipindi cha tano! Na vipindi vyote ni 62. Sababu tuliyoipa huruma yetu iliondolewa mbele ya macho yetu mapema kiasi hicho, tukaiona ikiondoka, na tukabaki vitini tukisema: maskini, anafanya kwa ajili ya familia. Msimu wa pili anapiga hesabu ya kile familia itakachohitaji: dola 737,000. Anafika kwenye pesa hiyo, anaipita, anaendelea. Mwishoni ana lundo la karibu dola milioni 80, limewekwa ghalani kama magunia ya mahindi, na mkewe anamwambia hajui hata ni ngapi. Katika kipindi cha mwisho ndipo Walter mwenyewe anapokiri kwa Skyler kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwamba aliipenda kazi ile na aliijua.

Watu hulalamika kwamba waandishi wa tamthilia hizi wanatudanganya. Vince Gilligan, aliyeibuni Breaking Bad, hakutudanganya. Alituambia mapema kwamba tatizo la Walter ni kiburi. Sisi ndio tuliomwandikia Walter utetezi, tukautia sahihi, na kila Skyler alipouliza swali lililouvunja utetezi wetu tukamwona mkorofi. Nafikiri hiyo ndiyo chuki aliyoibeba yule mama. Alikuwa akituuliza sisi.

Mzee mmoja aliniambia nilipomdokezea mada hii kwamba haya si mageni, tumemshangilia mwizi tangu Sungura. Kweli. Sungura, Apwoyo kwa Dholuo, ni mwongo, mwizi, msaliti wa marafiki, na watoto wanamcheka kwa furaha. Abunuwasi anamchezea Sultani shere na sisi tunafurahi. Klabu iliyoundwa mwaka 1968 ikachukua jina la Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa aliyesifika kwa ujanja na mazingaombwe, na sijasikia shabiki aliyeuliza kama uganga ule ulikuwa wa haki. Lakini mtazame Sungura amesimama wapi. Yeye ni mdogo. Anayemlaghai ni Tembo, ni Simba, ni Fisi mwenye meno. Abunuwasi hamlaghai mjane wa jirani, anamlaghai mwenye jumba. Ujanja wao unaelekea juu.

Walter anaanza akiwa Sungura: mgonjwa, hana kitu, amezungukwa na wenye bastola. Anamaliza akiwa Simba. Njiani, wakati fulani ambao ni vigumu kuunyoshea kidole, walio mbele yake si wakubwa tena. Ni binti aliyelala anapaliwa na matapishi yake mwenyewe huku Walter amesimama kando ya kitanda bila kumsaidia. Ni abiria 167 wa ndege mbili zinazogongana angani kwa sababu baba wa binti huyo, anayeongoza safari za ndege kutoka ardhini, amerudi kazini na msiba wake. Watu 167. Walter anasimama mbele ya wanafunzi shuleni na kuwaeleza kwamba kuna ajali nyingine zilizoua zaidi. Sisi bado tunamwona na masikio ya Sungura.

Je, basi hadhira haina mpaka? Ina, na ni mpaka wa ajabu. Mtafiti Margrethe Bruun Vaage, katika kitabu chake cha 2016 kuhusu wahusika wa aina hii katika runinga ya Marekani, anaonyesha kwamba katika hadithi tunasamehe mauaji lakini hatusamehi ubakaji, na kwamba mbakaji mara nyingi huwekwa kando ya steringi ili steringi apate nafuu. Kisheria na kimaisha tungedhani kuua ni kukubwa zaidi. Ila kifo cha hadithi tumekizoea tangu kibandani. Ubakaji kuna watu wamekaa nao ukumbini humu humu, wanaujua.

The Sopranos waliutumia mpaka huo vizuri kuliko wengine. Mwaka 2001, daktari wa Tony, Jennifer Melfi, anabakwa. Polisi wanamkamata mtu, kisha kwa kosa katika kushughulikia ushahidi wanamwachilia. Hadithi hiyo haihitaji mkalimani hapa kwetu. Melfi ana mgonjwa ambaye akiambiwa neno moja, mbakaji yule hatafika jioni. Tony anamwona amevimba, anauliza kuna nini. Kila mtazamaji anaomba aseme. Tunamsihi! Mwanamke anafikiri, anasema hakuna, na kipindi kinakwisha. Ni mtu mmoja aliyekataa kumtumia muuaji, na watazamaji wengi walimkasirikia kwa kutowapa damu waliyoitaka. Ukitaka kujua Tony alikuwa ametufikisha wapi, ni pale.

Mnaweza kusema basi hizi kazi zipigwe marufuku. Imejaribiwa. Kuanzia 1934 hadi 1968 studio za Hollywood zilifuata mwongozo ulioamuru uhalifu usipendezeshwe na mhalifu asifaidi. Hata kabla ya mwongozo huo kutiwa meno, Scarface ya 1932 ililazimika kuongezewa jina la pili, Aibu ya Taifa, ili mtu asije akadhani inasifia. Kilichotokea ni kwamba jambazi aliishi raha kwa saa nzima na nusu kisha akafa dakika ya mwisho, na watazamaji wakakichukulia kile kifo kama ushuru wa soko: unalipa langoni, unaondoka na ulichonunua. Hapa kwetu ni hivyo hivyo. Kitabu cha John Kiriamiti, My Life in Crime, kilichotoka 1984, kinamfikisha mwizi wake jela, na Kiriamiti mwenyewe alifungwa jela. Waliokisoma kwa kukificha chini ya dawati hawakunukuliana sura ya jela.

Sheria yetu ya filamu na michezo ya jukwaani iliandikwa kabla ya uhuru, na bado ndiyo wanaoitumia wanaotukagua. Januari 2014 bodi ya uainishaji wa filamu iliipiga marufuku The Wolf of Wall Street, hadithi ya tapeli wa soko la hisa. Sijui aliyezuiwa kuiona. Najua wengi ambao kabla ya marufuku hawakuwa wamelisikia jina lake.

Hapa kwenye mazungumzo kijana mmoja wa Maseno alishindwa kungoja wakati wa maswali akasema: mwalimu, si ndiyo sababu tunachagua wezi?

Kijana wangu, sitaki kuitwika runinga mzigo huo. Wezi tuliwachagua kabla umeme haujafika kijijini. Ila umegusa kitu, kwa sababu utaratibu ni ule ule wa ukaribu. Mheshimiwa wetu tunamjua kwa karibu. Tunamjua mama yake, tunaijua shule aliyosoma bila viatu, tulimwona akibeba jeneza. Ameomoka, na ameomoka akiwa mtu wetu. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu kwa kila kiongozi, lakini Sura ya Sita haijawahi kulia matangani kwetu. Dawa zinapokosekana zahanati, anayekosa hatuonyeshwi. Ni takwimu, kama wale wa Mei 2014.

Na Skyler wetu ni nani? Ni yule karani wa kaunti anayekataa kutia sahihi. Ni mkaguzi wa hesabu. Kila mwaka ripoti ya Mkaguzi Mkuu inatoka, imejaa hadithi za kusisimua ukijua kuzisoma: barabara iliyolipiwa haipo, ambulensi iliyonunuliwa haina injini. Lakini mkaguzi ni steringi wa aina gani? Hana bastola, hana nyimbo, ana majedwali. Akija kijijini tunamwita mtu wa roho mbaya anayetumwa na maadui. Umetoa wapi ni swali ambalo katika familia nyingi za hapa anayeliuliza ndiye anayeharibu sherehe.

Sasa, ninyi mnaoandika. Sisemi muwache wahusika waliooza. Mkiandika watu wema watupu mtatulaza, na mimi nitakuwa wa kwanza kukoroma. Nasema kamera ni yenu, na ukaribu ni wenu kugawa. Nimesoma miswada mingi ya vijana mwaka huu. Ndani yake mke wa jambazi anatokea akiwa jikoni tu, na kazi yake ni kumchelewesha jambazi kutoka nyumbani. Polisi mwaminifu ana kitambi na hana jina. Anayeibiwa anatokea akipiga nduru, kisha hatumwoni tena. Mnashangaa hadhira inamshangilia jambazi? Mmempa yeye peke yake chumba cha kukaa.

Mjaribu kumpa anayemzuia steringi tukio lake mwenyewe, steringi asiwepo. Na mpeni ufundi! Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona waandishi wakidhani mwema lazima awe mzito wa akili. Mnunuzi wa samaki pale Dunga anayejua kwa kushika tu samaki huyu alilala kwenye barafu siku ngapi, huyo akimkamata tapeli kwa kidole chake, ukumbi utasimama kama ulivyosimama kwa treni. Watu wanapenda akili. Hawajali sana iko upande gani, na hilo linaweza kuwafaa ninyi pia.

Kuna hadithi moja ya pande hizi ambayo nimeingoja miaka mingi niione kwenye runinga. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapaa dunia nzima. Uganda ilikuwa na kahawa nyingi, lakini serikali ya Idi Amin ilimlipa mkulima bei ya kutupa. Kwa hiyo kahawa ikavuka. Ikavuka usiku, kwa migongo, kwa punda, kwa malori, ikaingia Chepkube, kule mpakani Bungoma chini ya Mlima Elgon, na kijisoko kile kikajaa pesa. Magendo. Watu walijenga, walioa, walinunua magari. Amin akaamuru wafanyamagendo wapigwe risasi. Mkiiandika hiyo, steringi ameshajileta: tajiri wa Chepkube, mjanja, mwenye madaraja mfukoni na askari wa pande zote mbili kwenye orodha yake, anayemwibia dikteta. Nani hatamshangilia? Anaelekea juu kama Sungura.

Iandikeni. Ila tukio la kwanza naomba liwe la mchukuzi. Mto Lwakhakha umejaa, giza, gunia si lake. Mpeni jina. Mpeni deni la karo na mtu anayemngoja ng'ambo. Mpeni dakika saba peke yake, na ajue kitu ambacho tajiri hakijui, kwa mfano ni jiwe gani mtoni linaloteleza. Kisha tajiri aingie na gari lake, na kila kipindi kimoja kati ya vinne mturudishe kwa mchukuzi au kwa watu wake, hata kama ameshakufa. Inawezekana kabisa tutamshangilia tajiri hata hivyo. Mimi najijua, pengine nitamshangilia. Lakini mjane wa mchukuzi atakapofika mlangoni kwake kuuliza, nataka nione kama ukumbi utamzomea.

Mwenyekiti, kipaza sauti kianzie upande ule wa nyuma, kuna dada ameinua mkono tangu tulipokuwa kwa Melfi.